Antoine Asiyejulikana Kabambare

Fundi Atumani alikuwa na majina mawili, na kwa miaka ishirini na zaidi aliyaweka kama mwanaume anavyoweka wake wawili katika mitaa miwili, kila mmoja asijue kwamba mwenzake yuko.

Jina la Atumani lilikaa barazani, sokoni Kasongo, penye cherehani yake ya miguu. Hilo ndilo walilolijua imamu, mke wake, na watu wote waliowahi kumkasirikia kwa kuchelewesha suruali. Jina la pili, Antoine, lilikaa ndani ya buku, kile kijitabu cha leta, yaani serikali, ambacho kila mwanaume alitembea nacho kama mbuzi anavyotembea na kamba yake: kabila, kijiji, kodi, alama ya kidole gumba. Polisi akilifungua alisema "Antoine", fundi akaitika kwa adabu, akarudishiwa buku lake, na kabla hajapinda kona alikuwa Atumani tena.

Aliyempa jina hilo la pili ni baba yake mwenyewe. Mzee Selemani alikuwa Mwislamu wa Kabambare, muuza tumbaku, na alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mtu anayejua kusoma karatasi ya Mzungu habebeshwi mizigo ya Mzungu. Lakini shule ilikuwa ya mapadri, na mapadri walichukua watoto wa kubatizwa. Basi akamchukua mwanawe wa miaka tisa, akampeleka misheni ya upande wa Kasongo, mbali na macho ya jamaa, na huko Kabambare akatangaza kwamba mtoto yuko chuoni kwa mwalimu, anahifadhi Kurani. Mtoto alikaa miaka minne. Alijifunza kusoma, kuandika, kulima pamba ya misheni na kuitika "Antoine". Alipotoka akashika ushonaji, na msikitini akarudi kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Mzee Selemani alifariki miaka miwili iliyopita, akazikwa na mtaa mzima kwa heshima zote, na siri yake akaenda nayo.

Ingekaa huko chini salama kabisa, kama uchaguzi usingekuja.

Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka wa 1960. Uhuru ulikuwa umeshapewa tarehe, kama harusi, na kabla yake watu walitakiwa kuchagua wakubwa wao. Atumani alikuwa amewashonea mashati watu wa vyama vyote. Ahadi zao hazikufanana, lakini vipimo vya matumbo vilikuwa karibu sawa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshachagua moyoni, na sababu yake ilikuwa na miaka saba na jina moja tu, Feza. Binti huyo alikuwa akikaa chini ya meza ya cherehani akisoma maandishi ya magunia kwa sauti, na alikuwa amefika umri wa shule. Atumani alikwenda kuuliza misheni. Akaambiwa kwa upole lile lile baba yake aliloambiwa, kwamba mtoto abatizwe kwanza. Akarudi nyumbani akaapa kwamba Feza atasoma, na hatakuwa Clémentine mchana na Feza usiku. Chama alichokipenda kilisema kutakuwa na shule ya kila mtoto, jina lolote, dini yoyote. Alitaka kukipa karatasi yake kwa mkono wake.

Shida ni kwamba buku lake lilikuwa limeandikwa Kabambare, na muhuri wa kuhamia Kasongo hakuwahi kupewa. Ilibidi akachagulie huko. Na alikuwa amejua kutoka kwa wateja namna kazi inavyofanyika: unasimama mbele ya karani, karani anafungua buku, anasoma jina lako kwa sauti. Mbele ya watu. Akapanga kufika jioni ya kuamkia siku ile, na kuwa wa kwanza mlangoni, kabla waliomzika baba yake hawajamaliza hata kunawa uso.

Shoferi wa kamyo, lori la mizigo alilopanda, alikuwa na mipango yake mwenyewe. Waliondoka Kasongo jua limeshachomoza vizuri, abiria wakikaa juu ya magunia ya chumvi. Kando ya Atumani alikaa mwanaume mrefu mwenye koti jeusi, akishika kitabu cha sala kama mtu anayeshika yai. Baiskeli yake ilikuwa imefungwa juu ya magunia. Alijitambulisha kuwa Théophile, katekista wa kijiji kimoja karibu na Kabambare, anatoka kwenye mafungo ya makatekista. Atumani akasema yeye ni fundi Atumani, akageuza uso kutazama mihogo ya watu. Alikuwa amekula katekismu ya kutosha maishani.

Mbele yao alikaa mama mmoja, Victorine, muuza samaki wakavu, mwenye mdomo usiolipiwa kodi. Alipojua kwamba wanaume wote wale wanakwenda kuchagua, aliwauliza nani aliamua kwamba wanawake wabaki nje. Hakuna aliyejua. Basi akasema wamsaidie jambo moja.

"Mukishaupata huo uhuru, muniletee kidogo na mimi," akasema. "Nione kama unapikwa na mafuta ao na maji."

Mchana kamyo lilitumbukia kwenye shimo ambalo shoferi alidai halikuwapo juzi. Wote walirushwa. Kitabu cha Théophile kilimtoka mikononi, kikafunguka hewani, na kutoka kati ya sala ya asubuhi na litania ikaanguka karatasi iliyokunjwa, ikatua juu ya goti la Atumani. Ilikuwa tangazo la chama. Chama kile kile cha Atumani. Katekista aliinyakua, uso umembadilika. Mapadri walikuwa wamewaonya makatekista wasiingie siasa, na mtu angeweza kupoteza kazi kwa karatasi kama ile.

Atumani alifungua vifungo vya koti lake, akageuza bitana, akamwonyesha mahali ambapo mshono ulikuwa mpya. Ndani, kwa mshono mdogo ambao polisi yeyote asingeuona, alikuwa ameshonea kadi ya chama.

Théophile aliupapasa mshono kwa kidole.

"Mapadri wanashonesha wapi kanzu zao?" akauliza.

"Kwangu."

"Basi ningekupa na karatasi hii yangu uishonee ndani ya hizo kanzu."

Wakacheka, na Victorine akawaambia kwamba kama hizo ndizo siri za wanaume, yeye anazo kubwa zaidi ndani ya kikapu cha samaki.

Walifika mto Luama alasiri. Pantoni ilikuwa upande wa pili, na wavukishaji, walisema watu wa huku, wamekwenda kwenye mkutano. Mkutano gani, hakuna aliyeuliza. Mwezi ule hata kuku walikuwa na mikutano. Ikabidi wangoje mpaka asubuhi. Atumani alitembea ukingoni kwenda na kurudi, akipiga hesabu ya saa. Théophile alimwona, akamfuata, akamuuliza kwa nini mtu mwenye buku safi anaogopa kuchelewa foleni.

Walikaa juu ya gogo, Victorine akawapa samaki, kisha yule katekista mwenyewe akaanza kusema ya kwake. Alisema amefundisha miaka kumi na minane, na kwamba sasa anawajua watoto kwa kuwatazama tu siku ya kwanza.

"Kuna wale wanakuja kwa Yesu, na kuna wale wanakuja kwa alfabeti," akasema. "Wote ninawaimbisha pamoja, wote ninawapeleka kwenye maji. Mimi ninataka wa Yesu waje kwa Yesu, wa alfabeti waende kwa alfabeti. Siku hiyo nitajua niko na wanafunzi wangapi kweli."

"Wawili," Victorine akasema, "na mumoja ni bibi yako."

Katekista hakukasirika. Alisema akipata wawili wa kweli atamshukuru Mungu, na akaendelea kutoa miba kwenye samaki. Pale ndipo Atumani, ambaye hajawahi kumweleza hata mke wake, alimweleza mtu huyo wa tangu asubuhi. Alimweleza yote: misheni, chuo cha uongo, baba aliyezikwa kama mzazi wa mwanafunzi wa Kurani. Akamwambia kwamba hofu yake si ya kuchekwa yeye. Watu wa mtaa ule watasema mzee Selemani aliuza mtoto wake, na mzee hayupo kujibu.

Théophile hakushangaa wala hakumpa pole. Alisema tu kwamba neno hilo si lake kulitoa. Atalifunga hapo hapo walipokaa. Victorine, ambaye alikuwa amesikia kila kitu, aligeukia kikapu chake akaanza kuhesabu samaki kwa sauti kubwa, ili ijulikane kwamba hakusikia.

Asubuhi pantoni ilikuja ikijivuta. Walipoingia Kabambare jua lilikuwa juu ya mapaa, na foleni ilikuwa imetoka kwenye baraza ya mahakama, ikazunguka nyumba, ikafika barabarani. Wanaume walikuwa wamevaa kama Idi na Pasaka zimegongana siku moja. Atumani alitazama nyuso akaona kwamba zile zote alizotaka kuzikwepa zimeamka mapema kuliko yeye. Akashika nafasi yake, Théophile nyuma yake kwa watu wanne.

Karani aliitwa Roger, kijana mwenye miwani aliyeazimwa kutoka ofisi za machimbo ya Salamabila, makusudi kwa sababu hakuwa na ndugu mahali pale. Alikuwa ameonywa kwamba kuna watu wanaokuja na mabuku ya marehemu, na alikuwa mwaminifu mpaka inachosha. Kila jina alilisoma mara mbili.

Foleni ilisogea. Atumani alikuwa amefika hatua mbili mbele ya meza aliposhikwa bega.

"Atumani! Mutoto ya kaka yangu!"

Ilikuwa sauti ya Kassimu, baba yake mdogo, iliyozoea kuamsha mtaa. Mzee huyu ndiye aliyejua nani amekosa sala ya alfajiri na udhuru wake una uzito gani. Alikuwa mtu wa saba nyuma, lakini siku hiyo, ajabu, alikuwa na furaha ya kupita kiasi na jasho la kupita kiasi, akatoka kwenye nafasi yake kumkumbatia mtoto wa kaka yake mbele ya wote, akamwita tena Atumani, akamtaja na marehemu Selemani, akarudi mahali pake.

Roger alikuwa ameinua macho. Akapokea buku, akalifungua, akasoma mara ya kwanza kimoyomoyo, mara ya pili kwa sauti.

"Antoine, mutoto ya Selemani. Huyu Antoine iko wapi?"

"Ni mimi."

"Muzee amekuita Atumani."

"Huyo pia ni mimi."

Watu wakacheka. Roger hakucheka. Aliinuka akauliza foleni nani anamjua Antoine, mtoto wa Selemani. Akauliza tena. Jirani mmoja wa zamani, mtu mwema aliyetaka kusaidia, akasema kwamba Selemani muuza tumbaku alikuwa na mtoto mume mmoja tu, huyu Atumani. Antoine hawajawahi kumsikia hapa Kabambare. Vichwa vyote vikatikisika kukubali. Hakuna mtu aliyewahi kuangamizwa na watu waliompenda namna ile.

Roger akalifunga buku, akaliweka kando. Alisema kwa heshima kwamba atalikabidhi kwa mkubwa wa teritware, yaani wa wilaya, atakapopita jioni, naye mwenye buku asimame pembeni, wengine wapite. Jioni biro, ofisi ya kuchagulia, ingekuwa imefungwa. Atumani alijua, na Roger alijua.

Atumani alitazama nyuma. Théophile alikuwa amefungua mdomo, kisha akaufunga, akabaki akimtazama tu. Lilikuwa neno la Atumani, na katekista alikuwa akimwachia.

Angeweza kusimama pembeni. Angekunywa chai kwa baba mdogo, angerudi Kasongo, na mzee Selemani angeendelea kulala kwa heshima. Na mwaka ujao angemshika Feza mkono, ampeleke misheni, arudi akitangaza uongo. Aliona kwamba tayari alikuwa akitafuta uongo gani utafaa kwa msichana. Hapo alijichukia kidogo, na hiyo ikamsaidia.

"Baba yangu alinipeleka kwa mapadri," akasema, na hakumwambia karani; aliwageukia watu. "Alinibatizisha ili nisome. Aliwaambia niko chuoni, na mulimuamini, kwa sababu hakuwahi kuwadanganya kwa kitu kingine. Kama kuna mutu wa kumusema, amuseme mbele yangu, si kwenye kaburi lake. Antoine ni mimi."

Hakuna aliyecheka sasa. Mzee Kassimu alikuwa akitazama chini.

Roger alivua miwani, akaifuta. Alisema maneno ni mazuri, lakini mtu yeyote anaweza kuyasema. Hapo Théophile akatoka kwenye foleni. Alitaja kazi yake, na akasema mtu huyu amemjua tangu jana tu, kwa hiyo hawezi kumwapia. Lakini aliyekaa miaka minne kwa mapadri kuna vitu havimtoki hata ukimkamua kama nguo. Aruhusiwe kumuuliza kimoja. Karani akaruhusu.

"Taja sakramenti saba," Théophile akasema, "kwa mupango wake."

Atumani alifumba macho. Vidole vyake vikapanda kwenye koti lake, vikaanza juu kabisa, vikashuka kifungo kwa kifungo.

"Ubatizo. Kipaimara. Ekaristi. Kitubio. Mpako wa mwisho."

Kidole kikasimama kwenye kifungo cha sita. Akaruka akasema ndoa, na Théophile akatikisa kichwa: hiyo ni ya saba, iliyobaki ni ya kabla yake. Atumani alitafuta. Alimwona padri, akaliona darasa, akaiona hata fimbo, neno hakuliona. Kalamu ya Roger ilikuwa ikingoja. Théophile alikuwa akitazama viatu vyake mwenyewe, kwa sababu alikuwa mtu ambaye hajawahi kumnong'oneza mwanafunzi jibu, na hakuona namna ya kuanza leo mbele ya leta.

"Daraja takatifu," mtu akasema.

Ilikuwa sauti kavu, kutoka nyuma. Watu waligeuka kumtafuta Mkristo aliyesema, wakamkuta mzee Kassimu.

Alikuja mbele taratibu. Kila mtu alimpisha, kama mtu anavyompisha anayebeba maji ya moto. Akatoa buku lake kwenye kanzu, akaliweka mezani, akalifungua mwenyewe.

"Soma, mwanangu," akamwambia Roger.

"Grégoire," Roger akasoma. Akasoma mara ya pili, kama kawaida yake.

"Miaka miwili nilikaa," mzee akasema, na alikuwa akimwambia Atumani peke yake, ingawa foleni nzima ilinyoosha shingo. "Walikuwa wananipiga kwenye hiyo hiyo ya sita. Na mimi ilikuwa inanitoroka. Kisha nikatoroka mimi. Selemani alijua yangu, akaninyamazia mupaka kufa. Yako hakuniambia. Tangu alfajiri ninazunguka hapa, ninawapisha watu mbele, ninatoka jasho, ninajiuliza nitaficha wapi uso huyu kijana akisoma. Nilivyokuona nikapiga kelele, watu wakuangalie wewe."

"Waliniangalia kweli, baba mudogo," Atumani akasema.

"Nisamehe."

Roger akaona kwamba mtu hawezi kuazima kwa marehemu hata sakramenti anayoisahau, akarudisha buku la Antoine kwa mwenyewe. Alipiga mstari kwenye orodha, akampa karatasi, akamwonyesha pazia. Ndani palikuwa padogo kama chumba cha kupimia nguo, na fundi akajisikia nyumbani. Aliweka alama yake mahali pake. Akakunja, mara mbili, pembe juu ya pembe, akatoka akaitia ndani ya sanduku, na akangoja kidogo pale aone kama hairudi.

Nje, karani alikuwa ameshamwita Grégoire, na huko nyuma kabisa kijana mmoja alikuwa ameshindwa kujizuia. Mzee Kassimu aligeuka.

"Anayecheka afungue buku lake kwanza," akasema, "tulisome wote."

Kicheko kilizimika. Lakini mkono wa mwadhini, mtu wa pili katika foleni, ulikuwa umekwenda mfukoni bila kuombwa, na mikono mingine miwili mitatu ikafanya vivyo hivyo, na kila mwenye mkono alitazama upande mwingine. Roger aliiona mikono ile. Alikuwa mwaminifu, hakuwa mjinga. Alisimama, akagonga meza, akasema kwamba kuanzia sasa kila mtu atataja jina la buku na jina la nyumbani, yote mawili, ili wasipotezeane siku.

Mwadhini alikohoa. Alikohoa tena.

"Ismaël," akasema. "Na hapo kwenye buku, Barnabé."

Atumani alikaa kwenye kizingiti cha baraza. Théophile, akishachagua, alikuja akakaa kando yake, baiskeli yake imeegemezwa ukutani. Kamyo la kurudi lilikuwa likipiga honi sokoni, na Victorine alikuwa akimwita Atumani kwa mkono, kwa hasira, kisha kwa mikono miwili. Hakuinuka. Ndani wanaume wa Kabambare walikuwa wakitaja majina yao mchana kweupe, mawili mawili, wengine kwa haya, mmoja kwa sauti ya kugombana, na wale wenye jina moja tu wakaanza kuonekana kama watu waliokuja harusini bila zawadi.

"Huyo nilimubatiza mimi," Théophile akanong'ona, akimwonyesha mtu kwa kidevu. "Huyo alikuja kwa alfabeti."

"Aliipata?"

"Sikiliza," katekista akasema, na wakanyamaza, wamsikilize akilisoma jina lake la buku, herufi kwa herufi.